Simama Wima, Mizani

Niliyasikia mawe ya mizani kabla sijaona kitu chochote cha Makambako. Kang! Kisha kimya, kisha kang! tena, chuma kikitua juu ya chuma mahali fulani mbele yetu ndani ya ukungu. Ghala halikuonekana, wala barabara. Hata mgongo wa shangazi yangu, aliyetangulia hatua chache tu, niliuona na kuupoteza, nikauona na kuupoteza. Mama alisawazisha mzigo wa magome kichwani, akamvuta mtoto mgongoni, akasema, "Wameshaanza kupima. Kazeni mwendo."

Zilikuwa siku za Mwingereza, na kila nyumba ya kwetu ilikuwa na kishamba chake cha miwati. Tuliikata miti, tukaibandua magome, tukayaanika, tukayafunga mizigo. Ngozi za ng'ombe wa nchi ambazo hatungeziona kamwe zililainishwa kwa magome yetu. Mwenye ghala aliishi mbali, upande wa Iringa, na tulimwona mara chache sana. Tuliyemjua sisi ni karani wake wa mizani, mtu wa kijiji chetu, mzee wa kanisa letu, aliyevaa koti refu la jeshi mwaka mzima, jua na mvua.

Mizani yake ilining'inia kwenye boriti ya ghala. Upande mmoja kulikuwa na ndoano ya kutundikia mzigo, upande wa pili sahani ya chuma ya kuwekea mawe. Karani alisimama nyuma ya mzigo, mguu mmoja juu ya kigogo, kama mtu anayepumzika kwa sababu kazi imemchosha. Mzigo ukishatundikwa, kabla mkono wa mizani haujatulia, aliita kwa sauti tamu, "Kamwene!"

Hapo mwenye mzigo alipiga magoti. Kwetu salamu ya mzee haipokelewi mtu akiwa amesimama, wala huwezi kumkodolea macho mzee anapokusalimu. Unashuka, unainamisha uso, unajibu kwa upole. Naye karani hakuwa na haraka.

"Kamwene, mama. Habari za nyumbani?"

"Njema, baba mzee."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na yule baba aliyekwenda mkonge, ameleta habari?"

"Bado, baba mzee."

"Ng'ombe je? Yule mwekundu amepona kwato?"

"Amepona."

"Mungu ni mwema. Haya, inuka, mama. Mzigo umeshapimwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa kila mtu, msimu hadi msimu. Ulipoinuka mizani ilikuwa imetulia, mawe yamehesabiwa, mzigo umeshushwa. Watu walimsifu. Walisema karani huyu si kama wale wa mijini. Huyu hamsahau hata ng'ombe wako.

Asubuhi ile mama alipopiga magoti, kitambaa chake cha kichwa kilianguka. Aliinama upande kukiokota, na macho yake yakapita chini ya mzigo, pale ambapo koti la jeshi lilikuwa limefunguka. Akaliona goti la karani limeubeba mzigo kwa chini, kama mtu anavyompakata mtoto.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, na macho yangu yalikuwa kwenye udongo kama ya watu wote. Nilichosikia ni sauti ya mama, bila hasira, kama anayemwambia mtu kwamba ameukanyaga upindo wa khanga yake.

"Baba mzee, ondoa goti."

Karani alishusha mguu polepole kutoka kwenye kigogo, akajifunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine.

"Mama," alisema, "mimi nakuuliza habari za watoto wako, wewe unachungulia chini ya nguo za mzee?"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile ninacho hadi leo, nimekihifadhi.

*

Barazani walikaa wazee wa kanisa na mchungaji. Karani alilalamika kwamba amesingiziwa wizi mbele za watu. Mzee mwenzake, mwenye mvi na sauti ya taratibu, ndiye aliyeuliza swali lililommaliza mama.

"Nani mwingine aliyeona?"

Hakuna. Nani angeona? Tulikuwa zaidi ya watu ishirini mle ghalani na wote tulikuwa na adabu.

"Basi mwombe radhi, mama, yaishe."

"Niliona goti," mama akasema.

"Hatukuulizi hilo tena. Tunakuuliza kama utaomba radhi."

"Mkiniambia niseme sikuona goti, nitakuwa nimesema uongo mbele ya mchungaji. Nikisema uongo si mtanitenga vilevile?"

Wakamtenga. Maana yake ilikuwa kwamba hataikaribia Meza ya Bwana mpaka siku atakapotubu, na mdogo wangu, yule aliyekuwa mgongoni asubuhi ile, hatabatizwa. Alikuwa mtoto wa kifua kibovu. Kila alipokohoa usiku mama aliamka, akakaa kitandani akimshika. Nilijua anachokiogopa. Watoto waliokufa bila kubatizwa walizikwa upande wa pili wa ua wa makaburi, bila kengele.

Katika kanisa letu waliotengwa waliingia na wenzao, wakaimba, wakasikiliza mahubiri, kisha kabla Meza haijaandaliwa walitoka nje, na mlango ukafungwa nyuma yao. Aliyeufunga alikuwa karani. Ndiyo kazi yake ya uzee wa kanisa, mlango na nyimbo. Alikuwa pia na kifimbo cha kutugonga vigimbi sisi watoto tulipoimba tukiegemea ukuta au kusimama kwa mguu mmoja. "Mbele za Mungu hakuna kuegemea," alinong'ona. Alitulea hivyo tangu tukiwa wadogo, mpaka wimbo ule wa kufungulia ibada ukiguswa tu miili yetu ilinyooka kama mishumaa: miguu pamoja, mikono chini, wanaume wamevua kofia, macho mbele.

Jumapili ya kwanza mama alipotoka, mtoto mgongoni, karani alimsubiri apite, akamwinamia kidogo kwa heshima, akausukuma mlango. Haukugonga. Aliufunga taratibu kabisa, kama mtu anayefunika sufuria ya chakula chake. Nami nilibaki ndani, kwenye benchi la mwisho, na badala ya kuomba nilikuwa nafikiria jambo moja. Siku moja huyu atapita hapa, na mlango huu nitaufunga mimi.

*

Niliondoka na wazo hilo kwenda shule ya wasichana Njombe, na lilinipa joto kuliko blanketi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mlutheri kutoka upande wa Tanga, mwembamba, aliyevaa makoti mawili na bado akatetemeka. Wasichana walimhurumia wakamletea kuni. Alitufundisha ushairi mikono ikiwa kwapani, na alipotaka kutuonyesha kitu alitoa vidole tu.

"Kila silabi," alisema siku moja, "ni mizani moja. Mshororo wa kwetu una mizani nane upande huu, na mizani nane upande huu."

Nilisimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, mizani ni ya magome."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ya magome," alisema. "Ya karafuu. Ya dhahabu, kwa wenye dhahabu. Na ya maneno. Kaa chini nikueleze."

Akaeleza. Neno lile lilikuja pwani na wafanyabiashara wa Kiarabu, ambao wana neno wazana, yaani kupima uzito. Kutoka humo walipata mizani, chombo cha kupimia. Kutoka humohumo walipata neno la kipimo cha ushairi wao, maana nao walisema ubeti una uzani, kama mfuko wa tende. Watu wa pwani waliuza na kuimba kwenye baraza hizohizo, kwa hiyo hawakuona sababu ya kutafuta neno la pili. Mchana mizani ilipima bidhaa, jioni ilipima tungo. Hakuna aliyetatizwa.

Mimi nilitatizwa. Kwetu hatukuwa na neno letu kwa chombo kile. Tulilipokea la Kiswahili kama lilivyo, likiwa na vumbi la ghala, na kwangu mimi lilikuwa na uso wa mtu mmoja. Nililichukia. Ilikuwa kama kusikia jina la aliyekupiga likitumiwa kumwita ua.

"Na mshairi akipunja?" niliuliza.

"Akipunja vipi?"

"Akiweka saba aseme ni nane."

Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwetu shairi linaimbwa. Akipunja moja tu, tuni inabaki na shimo, watu wanaanza kukohoa. Babu yangu hakujua kusoma hata herufi, lakini alikuwa anakohoa mahali panapostahili. Mizani hii haikai mkononi mwa mwenye kuuza, binti. Ipo kwenye masikio ya wote walio barazani."

Nilikwenda bwenini na maneno hayo kama mtu aliyeiba mkate. Mizani iliyo masikioni mwa wote. Usingekuwa na mahali pa kuweka goti.

Nikaanza kutunga. Shairi langu la kwanza lilimwita karani fisi, na la pili lilieleza jinsi fisi anavyokufa. Nilihesabu kwa vidole chini ya dawati mpaka vidole vikaniuma. Nilijifunza kwamba ile m ndogo ya mwanzoni mwa neno mzigo, ambayo mdomo unaipita kama haipo, inahesabiwa nayo. Ina uzito wake na ukiimeza mshororo unapungua. Nilipenda sana jambo hilo. Nilimfikiria mama.

Mwalimu alisoma fisi wangu wote wawili akiwa amesimama karibu na moto.

"Hesabu imetimia," alisema. "Vina vimekaa. Huyu mtu yupo kweli?"

"Yupo."

"Amekukosea?"

"Amemkosea mama yangu."

"Basi sikiliza. Ukimwita fisi mbele za watu, atakwenda kwa wakubwa aseme ametukanwa. Na atakuwa amesema kweli. Utakuwa umempa kitu ambacho hakuwa nacho." Akanirudishia karatasi. "Mtu anayeficha kitu huna haja ya kumtukana. Mnyooshe tu."

Nilidhani ananituliza. Nilikasirika siku nyingi.

Kisha ikaja zamu yangu ya jikoni. Tulikuwa tunamenya viazi vilivyoshuka na gari la Makete, vikiwa bado na udongo mweusi wa baridi, nami nilikuwa natafuta tuni ya ubeti mpya. Tuni ya pwani ilinishinda. Ilipinda mahali ambapo koo langu halipindi. Kwa uvivu nikayatia maneno yangu kwenye tuni ninayoijua kuliko zote, ile ya kufungulia ibada, ambayo wamisionari waliileta kutoka kwao. Yakaingia. Nane kwa nane, bila silabi iliyobaki nje wala iliyovutwa kwa nguvu, kama mguu kwenye kiatu chake. Niliimba ubeti mzima nikiwa nimefumba macho kwa furaha.

Nilipofumbua, wasichana wote walikuwa wamesimama.

Walikuwa wamenyooka, miguu pamoja, mikono chini, mmoja na kiazi, mmoja na kisu, mmoja na mwiko unaodondosha uji kwenye kiatu chake.

"Mbona unaanzisha ibada jikoni?" aliniuliza mwenye mwiko. "Uji unaungua!"

"Si ibada. Ni shairi la magome."

"Tuni ni ya ibada!"

"Lakini maneno hamkuyasikia? Mmesimama kwa nini?"

Wakatazamana. "Sijui," akasema mwenye kiazi. "Miguu imesimama yenyewe."

Nilikaa juu ya gunia. Nilicheka mpaka wakadhani nimeugua. Mnyooshe tu, alisema mwalimu. Na mimi nilikuwa nimepata kamba ya kumnyooshea, na aliyeisokota kamba hiyo, kwa kifimbo chake mwenyewe kwenye vigimbi vyetu, alikuwa yeye.

*

Likizo ilipofika niliwakuta wanawake kwenye miwati, wakibandua magome. Nilimfundisha shangazi kwanza, maana ana sauti na hana woga. Aliisikia mara moja akatupa panga chini.

"Imba tena hapo."

Nikaimba:

Simama wima, mizani,
tusimame mbele yako;
mzigo uko hewani,
utwambie neno lako.

"Mbona goti halimo?" akauliza.

"Halimo."

"Litie goti, mwanangu! Mimi nimetembea na magome toka asubuhi, nataka kusikia goti."

"Shangazi, goti utaliona."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akajifunika mdomo kwa khanga, akaketi kwenye kisiki.

Mama aliyasikiliza yote haya akiwa amempa mtoto titi. Alikuwa amekonda tangu nilipoondoka. Alisubiri shangazi anyamaze.

"Umemtaja?"

"Hapana, mama."

"Umesema mwizi?"

"Hapana."

"Kuna uongo wowote ndani yake?"

"Mizani isimame wima. Ndilo neno lote."

Alimhamisha mtoto upande wa pili. "Basi nami nitaimba," alisema. "Lakini usiniangalie wakati tunaimba. Nitacheka, na mimi nimetengwa."

*

Siku ya kupima, ukungu ulikuwa umekaa chini kama maziwa kwenye bakuli. Kang, tulisikia, kang. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu alikuwepo yule mzee wa mvi aliyeuliza barazani ni nani mwingine aliyeona. Alikuwa ameleta magome yake mwenyewe kwa mkokoteni, naye alipimiwa kwa salamu ndefu na maswali juu ya mgongo wake. Wanaume hawapigi magoti, lakini nao huinamisha uso. Alipomaliza alikaa kando kwenye mzigo wa mtu, kupumzika kabla ya safari ya kurudi.

Shangazi akatundika mzigo wake. Mguu wa karani ukapanda kwenye kigogo.

"Kamwene!"

"Kamwene, baba mzee," akajibu shangazi, akashuka magotini. Sote tulishuka.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Njema."

"Yule mbuzi wako wa mapacha, watoto wake wanaendeleaje?"

"Wananyonya, baba mzee. Wananyonya kama watu wanavyonyonya."

Karani aliyaweka mawe. Kang. Kang. Mkono wa mizani ukalala sawa, na mawe yalikuwa machache kwa mzigo ambao nilimsaidia shangazi kuunyanyua nikasikia mifupa ya shingo yangu ikilia. Karani akafungua mdomo aulize jingine. Hapo nikaanza.

Nilianza peke yangu. Kabla mshororo haujaisha wanawake wote walikuwa wameshadaka, sauti ya kwanza na ya pili na ya tatu, kama tulivyofundishwa, na ghala likajaa ile tuni hadi mabati yakaitikia. Tukainuka. Foleni nzima iliinuka, pamoja na watu ambao hawakujua chochote. Wapagazi walitua magunia. Mzee wa mvi alisimama akavua kofia. Miguu yao imesimama yenyewe, nilifikiri, na nikamtazama karani.

Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kofia. Mkono wa kushoto ulishuka pembeni. Kidevu kikapanda. Na mguu, ule mguu, ukatoka kwenye kigogo ukaja kusimama karibu na mwenzake, kisigino kwa kisigino, kama alivyotufundisha.

Mzigo wa shangazi ukashuka kwa kishindo. Sahani ya mawe ikaruka juu, mawe yakapaa yakaanguka sakafuni, kang, kang, kang, yakabingirika mpaka miguuni pa mzee wa mvi.

Hakuna aliyeacha kuimba. Tulikuwa tumefundishwa kwamba wimbo haukatizwi. Tukaimba ubeti ule tena tangu mwanzo, na karani, masikini, alikuwa bado amesimama wima, kofia mkononi, mzigo ukining'inia mbele ya magoti yake yote mawili na kila jicho la Makambako likiwa limefunguka. Nadhani aliyasikia maneno mara ya pili tu. Niliuona uso wake ukiyasikia, silabi moja moja, nami nilimhesabia. Sikumpunja hata moja.

Wimbo ulipokwisha mzee wa mvi aliinama kwa shida, akaokota jiwe moja, akaliweka kwenye sahani. Akaokota la pili. Akaweka mawe yote yaliyoanguka, na mzigo haukuinuka. Akamgeukia karani.

"Niongezee mengine," alisema kwa ile sauti yake ya taratibu. "Nataka kuona."

Karani alileta mawe. Alimpa moja moja, mzee akayapanga, na mkono wa mizani ulipolala sawa sahani ilikuwa imejaa. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kwenye rundo la yaliyokwisha kupimwa, akayaburuta magome yake mpaka kwenye ndoano.

"Sasa yangu," akasema. "Na usinisalimu."

*

Barazani karani hakukana goti. Alilalamikia wimbo. Alisema tumeichezea tuni ya Mungu kwenye mambo ya magome, na kwamba aliyetunga ni msichana wa shule aliyefundishwa kiburi. Mchungaji aliniita, akaniambia niyaseme maneno bila tuni. Niliyasema. Aliyarudia mwenyewe kwa sauti ya chini, kidole kikigonga meza.

"Mizani isimame wima," alisema. "Hapa kosa liko wapi, mzee?"



Kesho yake, mchana, karani alikuja nyumbani. Alipiga hodi akiwa hana koti la jeshi, na bila lile koti alikuwa mtu mdogo tu. Mama alimpa kigoda. Alimsalimu kwa magoti kama kawaida, na alipomaliza aliinua uso akamwangalia moja kwa moja.

"Mama," alisema karani, "baraza linakutana tena. Ukiwaambia umenisamehe, wataliacha. Mimi ni mtu mzima. Nimefunga mlango ule miaka yote. Usinitie aibu ya kupita pale."

Nilimjua mama. Alikuwa na huruma hata kwa kuku wanaotaga vichakani. Ningeweza kupiga kelele. Niliuma ulimi.

Mama alimpangusa mtoto pua kabla ya kujibu.

"Nimekusamehe, baba mzee," alisema. "Nilikusamehe zamani, siku moja nikiwa kule nje, mvua inaninyeshea, nawasikiliza mnaimba. Hilo ni la kwangu na wewe na Mungu. Lakini barazani sitasema kitu. Utatoka kwanza. Ukisharudi ndani, tutakula pamoja Meza moja."

"Mama—"

"Nje pale si pabaya. Kuna kiti cha jiwe. Ukikaa upande wa kulia upepo haukupigi."

Aliondoka bila kumaliza maziwa aliyopewa. Nilikunywa mimi. Sijawahi kunywa maziwa matamu kama yale.

*

Jumapili hiyo nilikwenda kanisani mapema sana, kabla ya kengele ya kwanza, nikachukua ncha ya benchi la mwisho, ile iliyo karibu na mlango. Watu waliingia wakanisalimu. Mama, ambaye baraza lilikuwa limemrudisha Mezani, aliingia akiwa na kitambaa kipya cha kichwa, akapita mbele, akaketi pamoja na wanawake wenzake, na mtoto alikuwa amevishwa nguo nyeupe ambayo shangazi aliishona akiimba nadhani mnajua nini. Alibatizwa baada ya mahubiri. Maji yalikuwa ya baridi, akapiga kelele ya kifua chenye afya kabisa, na watu wakacheka.

Kisha mchungaji akasema wale waliotengwa watoke.

Karani alisimama kutoka kwenye benchi la wazee. Njia ya katikati ni fupi, lakini aliichukua polepole. Hakuna aliyemtazama, kila mtu aliinamisha uso, kwa sababu alikuwa mzee na sisi tuna adabu. Mimi sikuinamisha. Nilimwangalia tangu hatua ya kwanza, nikamwangalia alipopita mama, nikamwangalia alipofika mlangoni na mkono wake, kwa mazoea, ukashika pembe ya mlango ili aufunge. Kisha akakumbuka yuko upande gani. Mkono ukaachia.

Alinitazama. Nadhani alitaka kusema neno, labda salamu.

Nilisimama wima, miguu pamoja. Nilimsubiri apite, nikamwinamia kidogo kwa heshima, kama alivyomfanyia mama. Na alipokwisha kukanyaga nje, niliusukuma mlango taratibu kabisa, usigonge, nikaufunga.